Sura ya Tano: Mama Mmoja, Namba Nne

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, Sajenti Eliaichi Mmbaga aliweka vitu vitatu juu ya meza ya ofisi ya upelelezi mjini Same: simu ya Sindato, waya mfupi mweupe, na kompyuta ambayo kifuniko chake kilishikiliwa na gundi ya karatasi. Ng'ambo ya meza walikaa watu wawili ambao tangu jana walikuwa wakitazamana kwa pembeni tu.

Mmoja alikuwa Mama Faustina Mchomvu wa Msangeni, mkulima, mjane wa miaka hamsini na tisa. Alishuka mlimani na basi la alfajiri, na sweta lilikuwa bado mwilini ingawa joto la Same lilishaanza kupanda ukutani. Mwingine alikuwa Sindato, mfugaji wa miaka ishirini na mitatu kutoka tambarare ya ng'ambo ya reli. Fimbo yake aliiacha mlangoni bila kuambiwa.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Prosper, mtoto wa mwisho wa Mama Faustina, aliondoka nyumbani miaka mitatu iliyopita na hakusikika tena. Laini yake ilizimwa. Kampuni za simu zilijibu barua ya Eliaichi kwamba hakuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake. Kisha Jumanne ya wiki hii simu ya Mama Faustina ikaita. Namba ngeni. Sauti ya kijana ikasema neno moja, "Yeyo?" Mama akauliza, "Prosper?" Simu ikakatwa. Ikaita tena, ikakatwa tena. Jana asubuhi mama alikuwa kituoni, na mchana Sindato, mwenye laini ile, alifika mwenyewe baada ya mwenyekiti wa kitongoji kumpelekea ujumbe.

"Namba yangu wanayo watu wa kule juu na Prosper," alisema Mama Faustina. "Huyu kijana si wa kule juu. Kaitoa wapi kama si kwenye simu ya mwanangu? Na kama simu anayo yeye, mwanangu yuko wapi?"

"Nimekwambia, mama, simu ni yangu," alisema Sindato. "Nilinunua."

"Sijasema na wewe. Nimesema na afande."

Eliaichi alifungua jalada. "Mama, hilo tumelimaliza. Simu hii ina namba yake ya kiwandani. Imeingia nchini mwaka huu. Sindato ameinunua hapa mjini miezi minne iliyopita, na risiti anayo. Prosper hajawahi kuishika."

Mama Faustina aliutazama mkoba wake. Jana usiku hakulala, na ilionekana.

"Hiyo ni habari nzuri," aliongeza Eliaichi kwa sauti ya chini. "Maana yake hakuna aliyemnyang'anya mwanao simu. Ni namba tu iliyosafiri. Tukijua ilivyosafiri, tutajua Prosper alipita wapi."

Akamgeukia Sindato. "Jumanne ulikuwa unampigia nani?"

"Mama yangu."

"Mara ya kwanza kumpigia?"

"Kwa simu hii, ndiyo. Tunaishi boma moja, afande. Nimpigie kumwambia nini, kwamba nimesimama nyuma yake? Jumanne nilikuwa mnadani Makanya, nikataka kumwambia nitachelewa. Nikabonyeza jina lake. Akapokea mtu mwingine, ananiita Prosper. Nikaogopa."

"Wewe mama yako unamwitaje?"

"Yeyo."

Eliaichi aliigeuza simu ili wote wawili waone kioo. Jina lililopigwa Jumanne, saa tano na dakika kumi, lilikuwa Mama.

"Sasa hapa nani aliandika Mama?"

Sindato alikunja uso, kama mtu aliyeulizwa kuhusu kovu ambalo amelizoea. "Fundi. Mimi nilimtajia namba, yeye akaandika."

Eliaichi aliandika hilo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Akachomeka waya. Programu aliyoitengeneza jana mchana ilikuwa ndogo, kurasa mbili tu za maandishi. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye orodha ya majina ya simu na kuuliza kila jina: wewe ni wa akaunti gani? Simu ikatetemeka na kuleta swali kwenye kioo: iiruhusu programu hii kusoma majina?

"Bonyeza wewe," Eliaichi alimwambia Sindato. "Ni majina yako. Ukikataa, nitaishia hapo."

"Niko kituoni halafu simu inaniomba mimi ruhusa?"

"Simu haijui kwamba uko kituoni."

Sindato alicheka, akabonyeza Ruhusu.

Jibu la kwanza lilikuwa la kukatisha tamaa. Jina: Mama. Akaunti: patupu. Eliaichi alirudi kwenye maandishi yake, akayasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, mpaka alipoona kosa. Akajigonga paji la uso.

"Nimeuliza mlango usio wake," alisema.

"Mlango gani?" aliuliza Mama Faustina.

Eliaichi alisogeza kiti. "Mama, ukishusha ndizi sokoni, mnazipanga kwenye kapu moja, si ndiyo? Zako, za jirani, za Ngujini. Mnunuzi anaona kapu moja la ndizi."

"Anaona kapu. Lakini mimi zangu nazijua."

"Kwa sababu unajua kila chane ilitoka shamba gani. Simu nayo iko hivyo. Jina unaloliona kwenye kioo ni kapu. Simu ikikuta majina yanayofanana inayakusanya pamoja, inakuonyesha moja. Mimi niliuliza kapu limetoka shamba gani, na kapu halina shamba. Inabidi niulize kila chane."

Akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Sasa programu ilichukua namba ya utambulisho ya lile jina, ikashuka nayo kwenye jedwali la chini, mahali simu inapohifadhi kila kumbukumbu kama ilivyoingia, pamoja na jina la akaunti na aina ya akaunti yake. Akabonyeza kitufe.

Zikatoka safu nne. Mama, Mama, Mama, Mama. Namba nne tofauti. Pembeni ya zote nne, jina moja la akaunti: duka la Abdulmalik, barua pepe.

"Ya juu ni yangu," alisema Mama Faustina, akiilinganisha na kikaratasi alichokitoa mkobani.

"Ndiyo maana Jumanne ulipigiwa wewe. Simu inapiga ya juu. Mpangilio unategemea simu yenyewe." Eliaichi alimwonyesha Sindato. "Na ya mama yako?"

"Ya tatu."

"Abdulmalik ni nani?"

"Ndiye fundi. Karibu na stendi. Ndiye aliyeniuzia."

"Una majina mangapi humu?"

"Sijui. Mengi yalikuja na simu."

"Yalikuja na simu?"

"Si ilikuja na saa, ikaja na tochi? Nikajua na majina ni hivyo hivyo."

Eliaichi alihesabisha. Majina mia sita na kumi na mawili. Baba, namba saba. Shemeji, namba tano. Mke, namba tisa.

"Afande," alisema Sindato kwa heshima, "mimi bado sijaoa."

Mama Faustina alifunika mdomo kwa ncha ya kanga, lakini mabega yalimsaliti. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya ofisi ile.

Eliaichi hakuacha kazi. Kila kumbukumbu ilikuwa na namba yake ya mfuatano, na alitaka kujua ni zipi zilizokuwa jirani na ile ya Msangeni. Majina yaliyoandikwa kwa mkupuo mmoja mara nyingi hubaki karibu karibu. Akamsomea mama: "Nickson Chuo. Filipo Kinyozi. Mama."

"Rudia."

"Filipo Kinyozi."

"Filipo ana kibanda pale Msangeni, chini ya kanisa. Ndiye aliyemfundisha Prosper kunyoa." Mama Faustina alikuwa ameshasimama. "Nickson walikuwa naye chuo cha ualimu. Afande, hayo ni majina ya mwanangu."

"Basi mwanao alisimama kwenye duka hilo akiwa mzima, akataja majina, na mtu akamwandikia," alisema Eliaichi. Akachomoa waya. "Twende."

*

Duka la Abdulmalik lilikuwa na upana wa mlango na urefu wa treni. Mwenyewe, mwanamume mnene wa miaka thelathini na kitu, alikuwa ameinamia simu iliyopasuliwa, bisibisi mdomoni. Nyuma yake, kwenye stuli, mama yake Bi Sumaiya alikuwa akichambua mchele. Eliaichi alimwamkia kwanza yule bibi, akaitikiwa, kisha akaweka daftari kwenye kioo cha kaunta.

"Abdulmalik, mteja akinunua simu, unamwekea akaunti ya nani?"

Bisibisi ikatoka mdomoni. "Yake, afande."

Sindato alisogea mbele akaiweka simu yake kaunta.

"Aah," alisema Abdulmalik. "Yaani... inategemea."

"Inategemea nini?"

"Afande, nielewe. Mtu katoka kijiji cha Kisiwani, gari lake linaondoka saa nane. Hana barua pepe. Nikimwambia tufungue, ananiuliza neno la siri ni nini, kwani kuna siri gani. Nikimfungulia, kesho kasahau, ananiletea simu imejifunga. Anachotaka ni iwake, apige. Mimi nifanyeje? Naweka yangu. Inawaka, anaondoka, anafurahi."

"Na majina?"

"Ananitajia, naandika. Mama, Baba, Mke. Dakika tano."

"Yanahifadhiwa wapi?"

Abdulmalik alijikuna shingo kwa bisibisi. Ilionekana swali lile hakuna aliyewahi kumuuliza, hata yeye mwenyewe.

"Kwenye akaunti yako," alisema Eliaichi. "Na kila simu yenye akaunti yako inayapata yote. Wateja wako wote wanabeba mama wa wateja wako wote."

Mchele uliacha kulia kwenye ungo.

"Kumbe!" alisema Bi Sumaiya. "Kumbe ndiyo maana! Mwaka mzima napigiwa na watoto wa watu! Mama hivi, mama vile. Juzi mtu kaniambia ng'ombe kazaa ndama wawili. Nikamwambia hongera, nifanye nini? We Abdul, umenigawa kwa wilaya nzima?"

"Mama, sikujua."

"Miaka tisa nimekupeleka shule!"

Eliaichi alimwacha bibi amalize, kisha akaomba orodha ya simu zilizounganishwa na akaunti. Abdulmalik aliifungua. Simu themanini na saba. Eliaichi alizipitia zote, akiandika. Orodha ilitaja aina ya simu na siku iliyotumika mara ya mwisho, basi. Sitini na nne zilikuwa za aina moja, na karibu zote zilitumika leo.

"Unaandika wateja mahali popote? Jina, namba?"

"Risiti tu, na hiyo mteja anaondoka nayo." Akamtazama Mama Faustina, aliyekuwa amenyoosha picha ya Prosper juu ya kaunta. "Samahani sana, mama yangu. Nakutana na watu wengi. Sura siikumbuki. Ningekuwa na kioo chake hapa kilichopasuka, ningemkumbuka."

"Na namba yake mwenyewe haimo kwenye hayo majina?" aliuliza Mama Faustina.

"Hakuna mtu anayejiandika mwenyewe," alisema Eliaichi.

Mama Faustina aliirudisha picha kwenye mkoba, polepole, akaufunga mkoba na kuufunga tena. Sindato alimtazama, akatafuta kiti, akamsogezea. Nje mtu alikuwa akinadi tiketi za Tanga.

Eliaichi alikuwa akimtazama Bi Sumaiya.

"Shangazi," alisema. "Namba yako inaishia na ngapi?"

"Sitini na mbili."

Ilikuwa ya pili katika zile nne. Eliaichi alifungua ukurasa mpya, akaandika namba nne moja chini ya nyingine.

"Mama Faustina, Prosper anaijua namba yako kichwani?"

"Hata mimi siijui."

"Vizuri. Sindato alibonyeza Mama, akakupata wewe. Prosper naye ana akaunti hii hii kwenye simu yake. Ana kapu hili hili, Mama mmoja, namba nne. Siku atakayotaka kukupigia atabonyeza Mama." Akagonga kalamu kwenye karatasi. "Kama ya juu kwenye simu yake si yako, atakuwa anampigia nani?"

Mama Faustina aliinua uso.

"Kwa hiyo anaweza kuwa amenipigia?"

"Anaweza kuwa amepiga. Tutafute aliyepokea."

Akaanza na Bi Sumaiya. Ungo ukawekwa chini, simu ikatolewa, na wote wakainama juu yake. Bibi alikuwa na kumbukumbu kali. Aliwajua watoto wake wa simu wote: fundi cherehani wa Hedaru, dereva mmoja mwenye kifua, binti wa Mwembe anayelia kila akikosana na mumewe, na yule wa ng'ombe.

"Fundi cherehani ana umri gani?" aliuliza Mama Faustina haraka.

"Kijana. Mpole. Ananiita mama kipenzi."

Eliaichi aliipiga namba. Fundi cherehani alikuwa anaitwa Abeli, namba ya mama yake aliiandika mwenyewe kwenye laini, nje ya akaunti, mama huyo alikuwa amekaa kando yake wakati ule ule, na aliomba radhi mara sita. Dereva hakuwa mtu wa mlimani. Mwenye ng'ombe hakuwahi kukanyaga chuo. Mama Faustina alimsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

Namba ya nne haikupatikana. Abdulmalik alimjua mwenyewe: mama wa mteja wa Kihurio, aliyefariki kabla ya Pasaka.

Ikabaki moja. Eliaichi alizungushia duara, akamtazama Sindato.

"Hapana, afande," alisema Sindato. "Yeyo Kiswahili chake ni cha gulioni. Nani wa kumpi—" Mkono wake ulikwenda kwenye ushanga wa shingoni. "Yupo mtu wa Jumapili."

"Mtu gani?"

"Kila Jumapili jioni kuna mtu anampigia. Yeyo anatoka nje ya boma, anazungumza peke yake, anacheka. Sisi tulijua ni mtu wa kanisa, anatafuta waumini."

Mama Faustina alikuwa ameshafika kwenye gari la kituo.

*

Njia ya tambarare ilikuwa ya vumbi na miiba. Milima ilibaki nyuma, ya buluu, na Mama Faustina aliyekaa kiti cha mbele aligeuka kuitazama mara mbili.

"Alikuacha kwa ugomvi?" aliuliza Eliaichi. Aliuliza kwa sababu ilimpasa. Mtu anayejificha kwa hiari hutafutwa kwa njia yake.

"Aliacha chuo mwaka wa pili. Hakuniambia. Nilisikia kanisani, mbele ya watu. Nikamwambia asikanyage kwangu mpaka apate akili." Gari lilirukaruka. "Nilidhani atakaa wiki. Mimi hasira zangu ni za wiki."

"Na yeye?"

"Amechukua za baba yake."

Bomani walimkuta Naanyu, mama yake Sindato, akikandika ukuta wa nyumba, mikono imejaa samadi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kucheka. Eliaichi alimwinamia akamwamkia kama alivyofundishwa na Sindato njiani.

"Takwenya."

"Iko," aliitikia Naanyu, akawatazama, akamuuliza mwanawe kwa Kimaa kama amefanya nini.

"Sijafanya kitu," Sindato alijibu kwa Kiswahili, ili afande asikie. Kisha akaeleza kwa lugha ya nyumbani, na maelezo yalikuwa marefu. Naanyu alisikiliza akiwa ameinua mikono yake michafu pembeni, mbali na shuka. Katikati ya maelezo aliacha kumtazama mwanawe, akaanza kumtazama Mama Faustina.

"Mwombe ruhusa tuione simu," alisema Eliaichi.

Naanyu alielekeza kwa kidevu. Simu ndogo ya vitufe ilikuwa imefungwa kwenye pindo la shuka yake, begani. Sindato aliifungua. Kwenye orodha ya waliopiga kulikuwa na namba chache, nyingi za majirani. Moja haikuwa na jina. Ilijirudia mara kumi na moja. Eliaichi alifungua tarehe moja moja, akazilinganisha na kalenda ya daftari lake. Jumapili, Jumapili, Jumapili. Zote kumi na moja.

"Muulize ilianzaje."

Naanyu alizungumza, Sindato akatafsiri kipande kwa kipande.

"Anasema alipiga mara ya kwanza, akasema shikamoo mama. Yeyo akamwambia, si mimi. Akakata. Jumapili iliyofuata akapiga tena, akasema shikamoo mama, halafu akasema, kumbe ni wewe tena, samahani. Yeyo akamuuliza kama amekula."

"Kwa Kiswahili?"

"Hicho anakijua. Anajua umekula, umelala, ng'ombe hawajambo. Anamuuliza hayo kila Jumapili." Sindato alisikiliza zaidi, akatabasamu. "Anasema mwanzoni kijana alimwambia hana ng'ombe. Yeyo akamwonea huruma sana. Siku hizi akiulizwa anasema hawajambo."

"Hakumwambia anamtafuta mama yake?" aliuliza Mama Faustina.

Naanyu alilielewa swali bila kutafsiriwa. Alijibu mwenyewe, taratibu, akichagua maneno.

"Iliniambia, mama yangu imebadilisha namba. Haitaki mimi. Mimi nikasema, hapana. Mama haiko hivyo. Piga tena."

Mama Faustina alishika mlango wa gari.

Eliaichi alikuwa na kazi moja bado. Watu wengi hupiga namba za makosa, na mama huyu alishabebeshwa matumaini ya fundi cherehani asubuhi ile ile. Hakutaka kumbebesha mengine.

"Amewahi kutaja jina lake?"

Sindato aliuliza. Naanyu alitikisa kichwa.

"Anapoishi?"

"Bendera. Anaendesha trekta kwenye mashamba ya mpunga. Ana mke."

"Laini ameisajili kwa jina la mke, basi," alisema Eliaichi, akiandika. "Kitu kingine chochote? Chochote kile."

Naanyu alifikiri. Akasema sentensi ndefu, na mwishoni akapakata hewa kwa mikono yake ya samadi.

"Wamepata mtoto," alisema Sindato. "Wa kike. Ana miezi miwili. Anasema kijana alimpigia siku hiyo hiyo, haikuwa hata jioni. Alimtajia jina la mtoto, akamwambia kwao wa kwanza wa kike anapewa jina la mama wa baba."

"Jina gani?" aliuliza Eliaichi.

Sindato alimgeukia mama yake. Naanyu alilitafuta lile jina, akalijaribu mdomoni kama mtu anayeonja chai ya moto.

"Fau-si-tina."

Kalamu ya Eliaichi ilisimama. Hakuwa na swali lingine. Alifunga daftari, akamshika Mama Faustina mkono, akamkalisha kwenye kigoda cha kukamulia kilichokuwa karibu na ukuta mbichi.

"Mpigie, afande," alisema Mama Faustina. "Mpigie wewe. Mimi nitalia."

"Akiona namba ngeni na sauti ya polisi atazima simu. Tutapiga kwa simu hii. Hii ataipokea."

Sindato alibonyeza, akaweka sauti ya nje, akaishika simu kati ya wanawake wawili. Iliita mara tatu. Nyuma ya sauti iliyopokea kulikuwa na ngurumo ya injini, kisha injini ikazimwa.

"Shikamoo mama! Leo Alhamisi, kuna tatizo? Ng'ombe hawajambo?"

Naanyu alifungua mdomo kuitikia, kama alivyoitikia Jumapili kumi na moja. Kisha akaufunga. Alimsukuma Mama Faustina begani kwa kiwiko, taratibu, akamwachia alama ya samadi kwenye sweta.

"Marahaba," alisema Mama Faustina.

Ndege fulani alisikika akilia huko mpungani.

"Marahaba, Prosper. Marahaba, baba."

"Mama?"

"Ni mimi. Sijabadilisha namba. Sijawahi kubadilisha namba."

Kilichofuata hakikuwa maneno, na Eliaichi alitembea mpaka kwenye zizi, akasimama huko akitazama ndama kwa makini kama mtu atakayetakiwa kuwaandikia ripoti. Aliporudi, Mama Faustina alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, anauliza mtoto ananyonya vizuri, analala upande gani, nani amemkata kucha. Alikuwa amevua sweta. Alikuwa anasema Jumamosi, na ndizi, na kwamba huyo mke aambiwe asihangaike kupika.

Sindato aliegemea gari. "Afande, nifute hiyo akaunti?"

"Kesho njoo ofisini tukufungulie yako. Na mwambie Abdulmalik namtaka aje na orodha yake ya themanini na saba. Kila mmoja atarudishiwa mama yake."

Mama Faustina alimaliza, akairudisha simu kwa Naanyu. Hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao, kwa hiyo walishikana mikono, samadi na yote, muda mrefu. Kisha Naanyu akasema jambo kwa Kimaa, kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala, akasubiri litafsiriwe.

Sindato alijikuna kichwa.

"Anasema amefurahi sana mama umepata mtoto wako," alisema. "Lakini Jumapili ni yake. Wewe chagua siku nyingine."